Kuna Mtu Kapoteza Gurudumu

Mwenzangu pokea simu!! Basi soma.

Niko kando ya barabara na mama mkwe. Tuko wazima. TUKO WAZIMA. Gari limebaki na magurudumu matatu.

Nilikwenda gereji kubalansi magurudumu, usukani ulikuwa unatikisika. Fundi akasema yote manne ni karibu saa nzima. Saa nzima! Kuzungusha matairi tu! Nikamwambia fanya upesi, mama anasubiriwa na daktari. Alipoyarudisha tu nikawasha gari nikaondoka. Kwenye kioo nikamwona na spana mkononi, anapunga. Nikadhani ananiaga. Nami nikampungia!

Tuko kwenye mwendo, mama mkwe akasema, "Tazama, mwanangu, kuna mtu kapoteza gurudumu." Gurudumu linatupita, linakwenda zake. Sijamjibu, gari likakaa chini nyuma, kelele, cheche, lori lililokuwa linakuja likatukwepa padogo mno. Kuna mtu kapoteza gurudumu! Mtu mwenyewe ni mimi!

Fundi kapiga simu. "Dada, nati za nyuma nilizifunga kwa vidole tu. Nimefuata spana nizikaze, narudi, unaondoka!"

Na usithubutu kuniandikia haraka haraka haina baraka. Nilimngoja mama mkwe aiseme. Yule yule ambaye hata chai yangu haijawahi kumpendeza. Wapi! Kanishika mkono tangu tushuke, hauachii.

Naandika kwa mmoja.