Katrelle Isiyokunywa Essence

Kitshanga, tarehe 12 mwezi wa tano 2025

Kwako dada yangu Kaswera,

Nakusalimia sana, nikiomba Mungu barua hii ikukute muzima. Mugongo je, ile inakuuma wakati wa mvua? Mimi niko muzima, kikohozi kidogo tu, juu ya moshi ya hapa garage. Maharage ya Mama Sidonie yalifika na motard Prince, ku pikipiki yake. Umwambie aksanti sana. Huyo jirani yako ananilisha kama mutoto wake na hajaniona hata siku moja.

Dada, nimepata kazi ya ajabu. Unamujua Papa Archange, yule wa kwetu Butembo mwenye depot, ghala, hapa karibu na soko, anayenunua mawe ya madini ya Rubaya? Alitoa mu banda ya misioni moja ya zamani kigari kidogo, Renault 4, ile bazee banaita katrelle. Kuku zilikuwa zinalala ndani miaka na miaka. Nilipofungua moteur, injini yake, nilikuta mavi, manyoya, panya aliyekauka, na mafuta meusi mazito kama uji uliooza. Siku ile nyama ilinishinda kula.

Lakini essence, petroli ya siku hizi, inanichukiza kuliko panya. Kila barrière, kizuizi cha barabarani, inapopita, banaiongeza maji. Muntu analeta moto yake, ile pikipiki, inakohoa, nafungua carburateur, maji inatoka, na mwenyewe anasimama pale ananiangalia kama ni mimi niliyemwibia. Njo nikamwambia Papa Archange: "Papa, hii moteur imekufa. Tuitoe, tuweke ya umeme."

Alicheka. "Ku Kitshanga? Umeme gani?"

Nikamwonyesha panneaux solaires, zile sahani za jua, zenye ziko juu ya paa ya depot yake, na moteur ya tricycle ya umeme, ya magurudumu matatu, iliyopinduka Goma. Boîte ya vitesse, ile ya gia, inabaki ileile ya zamani, mimi natengeneza kipande ya chuma ya kushikanisha hivyo viwili. Katrelle ni nyepesi, moteur ndogo inaiweza. Alifikiri, akasema anaitaka siku ya ndoa ya binti yake Kétsia, muji muzima uone.

Inabakia betri. Guylain, yule anayeuza vitu vya kila namna, amesema atanitafutia nzuri. Uniombee, dada. Hii ikitembea, bantu bataleta vigari vyao vyote vilivyolala mu manyasi.

Ni mimi mudogo wako,
Camille


Kibua, tarehe 3 mwezi wa sita 2025

Camille mudogo wangu,

Salamu yako nimeipokea, nami nakurudishia. Mugongo inaniuma hata bila mvua siku hizi. Kikohozi kimepona? Kunywa tangawizi ya moto, usinunue vidonge vya barabarani.

Barua yako nimeisoma nikisimama, kwa sababu hapa viti vyote vimekuwa kuni. Wenye bunduki walipita. Usiniulize ni wa upande gani, wote wananuka sawa. Tulikimbilia mu pori na wagonjwa na batoto, mvua ikatupiga kule. Tuliporudi, mulango wa poste yetu ya santé, zahanati yetu, ulikuwa chini. Walibeba dawa, magodoro, mpaka ndoo. Na mu chumba cha kuzalisha, walijisaidia. Si muntu moja. Ku kitanda, ku ukuta, mu beseni tunayoogeshea batoto wachanga. Ile beseni, Camille. Nje kulikuwa na choo, na pori nzima. Waliingia ndani kwa kupenda. Nimeosha na majivu, nimeosha na chlore, mikono imebambuka, na bado nasikia ile harufu. Nikinyanyua tonge naisikia.

Tena walifungua betri zote za frigo ya chanjo, wakazibeba. Panneaux za jua ziko juu ya paa, hawakupanda. Nilipofungua frigo, chupa za chanjo ya surua zilikuwa na joto kama yai lililotoka chini ya kuku. Nilizichoma mwenyewe nyuma ya choo. Muganga mukubwa alisimama pale, akasema, "Ni vita, Mama Kaswera, tutafanya nini?" Kisha akapanda moto kwenda Goma. Hilo neno linanitia kichefuchefu. Vita haina vidole. Ni muntu aliyeinama akafungua betri moja, akaweka chini, akafungua ingine.

Surua imeshaingia ng'ambo ya muto. Mama Sidonie ananiuliza kila asubuhi kama chanjo ya binti yake Estelle itakuwa lini. Ilikuwa zamu yake juma lile lile.

Pole kukutwisha haya. Kigari chako kinifurahishe hata mimi. Niandikie habari nzuri.

Dada yako,
Kaswera


Kitshanga, tarehe 16 mwezi wa sita 2025

Dada Kaswera mupendwa,

Je, uko muzima? Mama Sidonie na kale kabinti kake, bako? Hapa tuko, Mungu anasaidia. Barua yako haijanifikia. Prince anasema njia ya huko ilifungwa na hakuna aliyepita. Natumaini ni njia tu.

Dada, imetembea! Siku ya ndoa niliiendesha mimi mwenyewe toka depot mpaka kanisa, Kétsia na bwana yake nyuma, maua ku capot, ule mufuniko wa mbele, na ku kioo. Haikupiga kelele hata kidogo. Mbuzi zilibaki kulala mu barabara, hazikusikia kintu kinakuja, ikabidi niteremke nizifukuze. Bamama ba soko balipiga vigelegele. Muzee moja aliweka sikio ku capot, akasema, "Hii imekufa ao inatembea?" Papa Archange akamwaga chupa nzima ya bière juu ya magurudumu. Tangu siku ile watatu bameshaniuliza bei, moja ana Volkswagen Coccinelle ya babu yake.

Guylain hakunidanganya ku betri. Ni nane, nzito, safi, si zile za soko zinazovimba tumbo baada ya mwezi. Mwenyewe wa kwanza alizitunza: kila moja ina namba, moja mpaka nane, na kamusalaba kadogo, vyote vimepakwa na vernis nyekundu ya kucha. Nilimuuliza Guylain zinatoka wapi. Akacheka: "Fundi, ukiletewa nyama, unaulizaka jina ya ng'ombe?" Nami nikacheka.

Niandikie upesi.

Mudogo wako,
Camille


Kibua, tarehe 8 mwezi wa saba 2025

Camille,

Sina salamu ya kukupa.

Ile vernis ni yangu. Zile namba ni mukono wangu. Nilizipaka mimi siku walipotuletea betri, na musalaba nikauweka ili zisichanganyike na za parokia. Barua yangu ya mwezi wa sita, kama umeipata sasa, umeshajua zilitoka ku frigo gani.

Estelle amekufa. Alianza macho mekundu, kisha vidonda mu kinywa, mwisho pumzi ikamushinda. Tumemuzika yeye na wengine wa ng'ambo ya muto. Mama Sidonie hakulia. Alinishika mukono tu, akaniuliza, "Si mulisema kuna chanjo?" Niseme nini? Nimwambie mudogo wangu, yule unayemutumia maharage, ametembezea bibi-arusi na betri za chanjo ya mutoto wako?

Nilisoma ile habari ya vigelegele nikatoka nje nikatapika. Ile harufu ya beseni ilikuwa imeanza kuniacha. Barua yako imeirudisha. Wale walioingia hapa na bunduki sikuwatarajia kitu. Lakini wewe uliona namba zilizopakwa na mukono wa mwanamuke, uliona musalaba, uliuliza, ukapewa mazaha, ukacheka. Ulicheka, Camille.

Usiniandikie tena.

Kaswera


Kibua, ku parokia, tarehe 2 mwezi wa munane 2025

Dada,

Umenikataza kuandika, lakini niko hapa chini ku parokia na uliambia sentinelle, mulinzi wa poste, hutaki kuniona. Sina njia ingine. Sikuulizi habari ya afya, sina uso wa kuuliza. Usome tu.

Barua zako mbili zilinifikia siku moja, Prince alizileta pamoja. Nilisoma ya kwanza, nikasoma ya pili, nikaenda moja kwa moja kwa Papa Archange. Alikuwa mezani na wageni ba Rubaya, saa sita, katrelle imewekwa mbele ya mulango ili baione. Aliniita mbele yao: "Huyu njo fundi!" Nikafungua capot, nikawaonyesha vernis, nikasema yote. Poste ya santé, surua, mutoto.

Papa Archange hakuacha kutafuna. "Chanjo ni ya Serikali," alisema. "Serikali iko wapi hapa? Mimi nililipa Guylain."

"Papa, mutoto amekufa."

"Camille, batoto banakufa kila siku. Nizime gari yangu?"

Na bale bageni balicheka, dada. Moja alikuwa ananyonya mufupa, mafuta inamutelemka ku kidevu, akacheka bila kuutoa mu kinywa. Halafu Papa Archange akanisogezea sahani: "Kula, fundi, umekonda." Niliangalia ile nyama nikasikia Guylain ananiuliza jina ya ng'ombe. Nilitoka, nikatapika nyuma ya depot. Si juu yao peke yao. Kicheko chao nilikijua, ni kile changu.

Siku ya Mungu, benye depot bakiwa mu Misa, nilimwambia mulinzi naenda kuongeza maji ya betri. Alinifungulia mwenyewe, ananijua. Nikazitoa zote, nikaacha capot wazi, maua ya ndoa ingali imefungwa ku kioo, imekauka. Prince na mwenzake walizibeba ku moto mbili, mimi nikakaa juu ya betri.

Sitakuficha: zimefika sita. Ku barrière moja walitushusha. Nikasema ni za frigo ya batoto, wakasema hata wao wako na telefone za kulisha umeme. Walichukua mbili na saa yangu. Yule mwenye kuchukua alisoma namba ya vernis kwa sauti, "Tatu," kama muntu anahesabu mbuzi, akatema mate. Lakini sita zinatosha, frigo haiombi nguvu kama gari. Nikizifunga vizuri itashika baridi usiku muzima.

Guylain alishanitumia neno: garage yangu imevunjwa, vyombo vya kazi vimegawanywa, Papa Archange ananitafuta. Sitarudi Kitshanga. Sisemi hivyo unionee huruma. Nasema ili ujue kwamba sikimbii kwenda popote. Betri ziko hapa mbele ya mulango wa sacristie, chumba cha padri, nimezilalia juu tangu jana, siwezi kuziacha. Ukitaka nizifunge, nazifunga. Ukitaka nitoke, natoka, lakini utume muntu anayejua kufunga.

Kama Mama Sidonie ataniuliza, nitamwambia mwenyewe. Usimwambie wewe.

Camille


Poste ya santé, leo hii hii

Camille,

Nimeshamwambia. Nilimwambia jioni ya siku ile nilipokukataza kuandika, sikuweza kula naye nikinyamaza. Yuko hapa kwangu sasa, anachambua maharage. Nilimusomea barua yako yote, hata ya mufupa. Aliniomba nirudie pale wanapocheka, nikarudia. Kisha akauliza kama mutoto wake mudogo, yule anayemubeba mugongoni, ataweza kupata chanjo hii. Nikamwambia ndiyo, kama frigo inashika baridi. Akasema, "Basi Camille apande."

Mimi sijakusamehe. Nikikuona, nitageuza uso, nakuambia mbele ili usishangae. Usinikumbatie. Na yeye usimwangalie machoni mpaka akuongeleshe mwenyewe. Hata kama ni mwaka.

Watu wa afya wa Walikale-centre wamesema muntu ataleta chanjo kwa miguu, kisanduku cha baridi ku kichwa, tukishawatumia neno kwamba frigo inafanya kazi. Sitatuma neno kabla sijaweka mukono wangu ndani nikasikia baridi.

Wale wa bunduki waliiba mpaka vyombo vya kazi, hatuna cha kufungia. Panda na clé ya kumi na tatu, ile spana uliyofungulia zile betri.

Kaswera