Uzi Mwekundu wa Msalabani

Jumatano, 9 Agosti

Hakuna kinachonitia kinyaa kama mji huu unapojiandaa kwa sikukuu. Uwanja wa kanisa umeshaanza kunuka mkojo na mafuta ya kukaangia. Mbwa wametapika. Watu pia.

Leo nimepanda hadi msalabani, kule kileleni, na kurudi. Mteremko umenila magoti. Mama hataki habari za magoti yangu. Amelala vilevile, uso ukutani, tangu miguu yake ilipokufa ganzi. Kaniuliza, mwaka huu Bikira analala kwetu au halali? Nikamwambia, Mama, mimi nakimbia, siruki.

Miaka sita Mtaa wa Chini wanamchukua! Kwenye nusu marathoni yetu wanaume hushindania fahali, sisi wanawake tunashindania sanamu ya Bikira Maria — atakayetangulia kufika, mtaa wake unakaa naye mwaka mzima. Mama hawezi kuteremka kwenda kumwona kule. Na hana miaka sita mingine. Analijua hilo. Nalijua na mimi.

Ijumaa, 11 Agosti

Komadre Eudosia kaja na viatu vipya vya mbio, rangi ya limau. Macho yananiuma. Ndiye aliyemkata mwanangu nywele za kwanza, akawa mama yake wa pili na komadre wangu, kwa hiyo kumfukuza siwezi. Kakaa anamaliza viazi vyangu na kusema mazoezi ni kazi ya wasio na akili. Mama kacheka! Kwangu huwa hacheki.

Nilikuwa nasokota uzi mwekundu wa msalabani. Kila mkimbiaji hufungwa kipande mkononi akifika kule juu, ndio ushahidi wake. Miaka yote aliusokota Mama. Sasa mimi, yeye akinisimamia. Uzi wa nguo unasokotwa kulia. Huu kushoto, ili mabaya yasimpate aliyeuvaa. Macho yake hayaoni tena, anaukagua kwa vidole. Kanifumulisha mara mbili. "Umelegea huu! Unataka watoto wa watu wafie njiani?"

Eudosia hakusikia. Alikuwa kwenye simu. Hajawahi kusokota hata uzi wa kufungia gunia, sufu yake yote ya dukani.

Jumapili, 13 Agosti

Nimechefuka. Siyo tumbo tu.

Mdhamini wa mbio kahutubia huku anatafuna kuku. Mafuta yanamtiririka hadi kwenye kipaza sauti. Fataki, moshi, tarumbeta zisizo na adabu. Tukaondoka. Mbele yangu mwanamume ananuka bia ya jana, kila hatua anatema majani ya koka anayotafuna, na upepo unanirudishia mimi. Ptuu!

Darajani Eudosia alikuwa nyuma yangu. Baada ya hapo sikumwona tena.

Msalabani mzee Fortunato kanifunga uzi, mikono yake barafu. Kasema, wewe mwanamke wa pili, mama, yule binti wa Chini, Yesica, ndio kwanza kaondoka, kimbia! Nikakimbia. Nilimwona mgongo. Kidogo tu nimfikie — nikainama kando ya zizi la kondoo na kutapika. Basi. Nimeshindwa, nikasema. Nitamwambia nini Mama?

Naingia uwanjani — watu wetu wanapiga kelele, wanambeba Eudosia juu juu! Uzi mwekundu mkononi. Waamuzi wameona uzi, wameridhika. Yesica kakaa chini kwenye mawe, soksi zimelowa damu.

"Komadre! Tumeshinda!" Kanikumbatia. Ananuka manukato. Mlima wote ule, halafu manukato! Viatu vya limau havina hata vumbi.

Nikamuuliza kanipita wapi. Eti uliinama unatapika, komadre, hukuniona.

Nikamshika mkono kama ninayempongeza. Nikaangalia uzi. Umesokotwa kulia.

Njia ya mwongo fupi, wanasema. Ya Eudosia imekuwa fupi kweli. Na mimi? Yesica alikuwa ananitazama, nikageuza shingo. Najiona mchafu kuliko yule mlevi wa koka.

Jumanne, 15 Agosti

Bikira kaja. Kaingizwa hadi chumbani, mlango ilibidi tuung'oe. Mama nimemwogesha, nimemsuka. Kashika upindo wa vazi la Bikira, kaubusu, kalia kama mtoto. "Sasa hata nife kesho." Miaka sita sijauona uso ule.

Eudosia naye kapiga magoti. Kavua uzi, kamfunga Mama mkononi mbele ya watu wote. "Mama yangu, ukulinde." Vigelegele, simu zinapiga picha. Nilitaka kumtemea mate.

Sasa wote wako uani wanakunywa. Nimekaa ukingoni mwa kitanda, naandika ili mikono iwe na kazi. Bikira yuko mezani, kati ya mishumaa.

Yesica yuko getini na baba yake na mzee Fortunato. Namsikia yule baba: hatukuja kugombana, tunamtaka tu yule dada aliyekuwa wa pili msalabani, aseme alichokiona. Wameniita mara moja. Wameniita tena.

Mama hasikii, nilidhani. Lakini kaacha kutabasamu. Kaushika ule uzi kati ya kidole gumba na cha shahada, anausugua. Kaacha. Kaanza tena upya, polepole.

"Huu umeusokota wewe?"

Bado anausugua.