Sifuri ya Uongo

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, nyingi mpaka zikuchoshe. Goti lako linaendeleaje? Shemeji bado anakoroma? Mimi ni mzima, chuma kile kile, na pua yangu ni ile ile inayojua maziwa yaliyoanza kuchacha hata mlango ukiwa umefungwa. Mwandiko usiucheke. Shule niliiacha mimi, haikuniacha yenyewe.

Nasikia umeambiwa mwanao ameharibu maziwa ya kiwanda kizima na atafukuzwa. Aliyekuambia, mwambie anywe maji alale. Kisa chote ninacho mimi, mtunza chumba cha baridi.

Mwanao aliandika maagizo kwenye kompyuta ya kupima baridi ya chumba. Alinieleza kwamba fungu la maagizo ni kama mtu unayemtuma: anakwenda, anapima, anarudi na jibu, na jibu lenyewe ni namba. Sifuri maana yake salama. Kuanzia moja ni hitilafu, na hapo king'ora kinalia. Nikamwambia sifuri nilizipata za kutosha darasani na hakuna aliyeniambia niko salama. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Kilichoniudhi ni kwamba kitu chake kinapima halafu kinanyamaza kama mkwe mgeni. Nikamwagiza aweke mstari wa mwisho wa kuniandikia kwenye kioo cha kompyuta: MZEE, NIMEPIMA. Akasema, mjomba subiri, jibu linalorudi ni la mstari wa mwisho tu, kwa hiyo lazima kwanza alihifadhi jibu la kipimo, kisha ndilo alirudishe. Nikamwambia mistari imetosha, nimekubeba mgongoni ukiwa na nepi, leo unifundishe subira? Nikamsimamia kichwani mpaka akakubali. Mtoto wako ana adabu, na adabu ndiyo iliyomponza.

Mashine ya baridi ikafa. Maagizo yakapima, yakakuta joto, halafu yakaniandikia MZEE, NIMEPIMA. Kuandika hakukushindikana, basi jibu lililorudi likawa sifuri. King'ora kimya. Maziwa yakapakiwa, maduka yakayarudisha yote yameganda, tukayamwaga mferejini. Mtaa mzima ukaziba pua. Mimi nikasimama wima.

Meneja akamwita mwanao mzembe mbele ya madereva. Akainamisha kichwa, hakunitaja. Wapakiaji wakanitania, Pua, ulikuwa wapi wewe? Nikawajibu nilikuwa likizo.

Sasa sikia, na usilie. Asubuhi ile ya kupakia nilifungua mlango mimi, nikavuta hewa kama kawaida yangu, nikawatangazia madereva kwamba maziwa ni safi, pakieni. Sikunusa kitu. Tangu niliposhikwa na mafua makali sinusi chochote, si sabuni, si petroli, si maziwa. Ndiyo maana nilikazania maandishi kwenye kioo. Nilitaka kitu cha kuniambia. Na kila aliyeniuliza hali nilimrudishia sifuri. Hata wewe, hapo juu.

Leo nimeingia kwa meneja bila hodi. Nimemwambia mstari ule ni amri yangu na pua imekufa. Akasema mwanao abaki, mimi nikabidhi ufunguo nikapumzike. Ufunguo nimekabidhi, lakini kwa mwanao, mkononi, wote wakiona. Meneja hakuugusa. Kupumzika nimekataa. Nitaosha madebe ya maziwa; debe halihitaji pua, na kwa kusugua hakuna wa kunifikia pale. Akitaka kunitoa alete wanaume wanne, na waje wameshiba.

Mwanao amesahihisha maagizo. Sasa jibu la kipimo ndilo linalorudi. Mstari wangu hakuufuta, ila ameusogeza juu kidogo, kwa heshima.

Shemeji msalimie, mgeuze alale kwa ubavu. Kile chumba ulichonitengea kwako, kipangishe. Na ukiniuliza tena hali yangu, jibu ni hili, nalirudisha bila aibu:

Moja.

Ni mimi kaka yako,
Pua