Droo Tatu za Kabati la Baba

Jinja,
Jumanne, 15 Oktoba 1991

Kwa mdogo wangu Nulu,

Watu wengi wakitaka kujua umri wa kabati hulitazama usoni. Hapo ndipo wanapokosea. Uso wa kabati hupakwa, husuguliwa, hubadilishwa vitasa, na mtu yeyote mwenye kopo la dawa ya viatu anaweza kuuzeesha miaka hamsini kabla ya chai ya saa nne. Nisamehe kwa kutanguliza somo kabla ya salamu. Nimefundisha useremala miaka thelathini na mmoja, na kazi hiyo haimtoki mtu. Assalaam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti lako limepata nafuu, na binti yako Babirye na wanawe hawajambo. Hapa nyumbani wote wazima, isipokuwa mimi, ambaye tangu Ijumaa nashinda nikinoa patasi zisizohitaji kunolewa. Sababu yake nitaifikia.

Umeniandikia kwamba Matia, yule mwenye duka la vitu vya kale hapo Mbale, alikuja kwako Nakaloke, akalizunguka kabati mara tatu ameshika kidevu, kisha akatamka kwamba lina miaka mia moja na hamsini na kwamba lililetwa na Waarabu. Nilicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Kabati hilo ni la mvule, Nulu, mti uliokuwa ukikatwa hapa hapa Busoga, na mgongo wake ni plaiwudi. Hao Waarabu wa miaka mia moja na hamsini iliyopita walinunua wapi plaiwudi? Labda Matia analijua duka lao. Mimi nilimfundisha kijana huyo miezi sita, akaondoka hajui kunoa patasi. Sasa ana kadi yenye jina lake na neno mtaalamu.

Ukitaka kujua ukweli, chukua tochi, ulale chali kama fundi wa magari, ulitazame kabati kwa chini. Msumeno wa mkono huacha mikwaruzo iliyonyooka na isiyolingana. Msumeno wa mashine ya duara huacha mikwaruzo iliyopinda kama kucha. Ya kwako imepinda. Kisha vuta droo utazame pembe zake, pale mbao zinapofumbatana kama vidole. Vidole hivyo kwako havilingani unene, maana yake vilikatwa kwa mkono, na vilikatwa na fundi Kalasinga aliyekuwa na karakana karibu na stesheni ya reli hapa Jinja. Alikuwa na tabia ya kukipunguza kidole cha mwisho. Yeye alifanya kazi hapa kuanzia mwaka wa hamsini na mbili hadi sitini na sita. Basi kabati lako lina kama miaka thelathini, na Matia ameongeza mia moja na ishirini ya kwake.

Unasema pia alikuonyesha matundu ya wadudu mguuni kama ushahidi. Ingiza sindano. Mdudu hutafuna huku akizurura, hana haraka, sindano itakwama. Ikiingia moja kwa moja hadi mwisho, basi mdudu huyo alikuwa na drili, na huenda alikuja siku hiyo hiyo mkobani mwa mgeni wako.

Sasa nije kwenye mpango wake wa kulikata: nusu ya juu iende hotelini ikawe kaunta ya vinywaji, nusu ya chini ubaki nayo uwekee televisheni. Mimi sikatai kitu cha kale kupewa kazi mpya. Meza ya cherehani inayokaangiwa samaki kule Wanyange inafanya kazi ya halali, na siku yoyote unaweza kuiosha ukairudishia cherehani. Hicho ndicho kipimo: je, unaweza kurudisha ulichoondoa? Anayeongeza anaweza kutubu. Anayekata, anayepiga randa, anayefuta, huyo ameiba kitu ambacho hata yeye mwenyewe hakipati. Huyo simheshimu hata akiitwa mtaalamu na wenye hoteli wote wa Mbale. Kumbuka maneno haya, kwa sababu nitayahitaji chini.

Kwa kumjibu, umeniandikia, ulivuta droo ya juu ukamwonyesha zile herufi Y.M. zilizochomwa chini yake, ukamwambia kwamba huyo si Mwarabu, ni marehemu baba yetu Yusufu Mugweri, na kwamba kama anataka kukata cha baba, aanze kwanza kumwomba ruhusa kaburini. Nimependa jibu hilo. Naona Matia alinywea, lakini bado anakuja Alhamisi na msumeno, kwa kuwa umeanza kulegea. Unaniuliza mimi, kama mkubwa wa nyumba na mjuzi wa mambo haya, ukubali au ukatae.

Nulu, katika kitu cha kale, jina ndilo la mwisho kuaminiwa. Jina huongezwa kwa dakika mbili, kwa msumari uliowekwa kwenye makaa. Kabati la baba lilitengenezwa kabla wewe hujazaliwa, na wewe umezaliwa mwaka wa arobaini na tatu. Hili nimekwisha kukuonyesha kwamba halikuweza kuwapo kabla ya hamsini na mbili. Fanya hesabu hiyo polepole, halafu uendelee kusoma.

Ijumaa ile ile niliyopokea barua yako, mama mmoja alibisha hodi. Sikumtambua mpaka alipocheka. Alikuwa Night, mke wa Afande Odongo wa magereza, waliokuwa majirani zetu hapa hadi mwaka wa sabini na saba, wakati watu wa kwao kaskazini walipokuwa wakichukuliwa majumbani na askari wa serikali. Odongo alichukuliwa saa sita mchana, chakula kikiwa mezani, na hakuna aliyeonyeshwa kaburi lake. Night alikimbilia Kenya na watoto watatu, wa mwisho akiwa na majuma manne. Kabla ya kuondoka aliniachia kabati lao, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiwakemea kwa sauti majirani waliokuja kumpa pole huku wakiipima meza yake kwa macho.

Aliniambia nimezeeka vibaya, nikamjibu kwamba na yeye hajakaa nyuma. Kisha akauliza kama kabati bado lipo. Alisema hakufuata mbao. Hata kama nimelifanya banda la kuku, atawaomba kuku wasogee kidogo tu. Anachotaka kimo chini ya droo. Odongo alikuwa akiandika kwa penseli kila mtoto alipozaliwa, droo moja kwa kila mtoto: tarehe, saa, na maneno machache ya baba kwa mwanawe. Picha zake zote zilipotea njiani. Eseza, huyo wa mwisho, ana miaka kumi na minne na hajawahi kuona hata herufi moja iliyoandikwa na baba yake. Huwauliza watu wa kwao alikuwa akiongea vipi, na kila mmoja humpa jibu tofauti.

Mimi niliyajua maandishi hayo kabla Night hajaniambia. Penseli ilikuwa yangu. Odongo ndiye aliyenijia, mtoto wa kwanza alipozaliwa, kuniuliza mahali gani pa kuandika ili pasifutwe na mtu. Nikamwambia, kwa ule ufundishaji wangu unaoujua, aandike chini ya droo, kwa sababu hapo hakuna anayepiga msasa.

Kabati la baba liliisha kwa mchwa nyumbani kwangu mwaka wa sabini na tano. Mwalimu wa useremala aliliweka juu ya udongo mtupu, bila hata kipande cha tofali chini ya miguu, na sikukwambia. Vita vya sabini na tisa vilipopita, nyumba yako ya Mbale ikakombwa mpaka milango, ulipata kile chumba cha Nakaloke ukaleta habari kwamba huniombi kitu chochote ila kabati la baba. Nikajiambia kwamba Night amekufa. Hakuna aliyeniletea habari hiyo. Niliitunga mwenyewe kwa kuwa ilinifaa. Kabati lake lilifanana na la baba vya kutosha. Nikachukua randa. Nikafuta droo ya juu, nikafuta ya kati, nikachoma herufi za baba. Nilisoma kwanza kabla ya kufuta, na leo siyakumbuki maneno yale, hata moja.

Droo ya chini sikuifuta. Ningependa kukuandikia kwamba huruma ilinizuia. Ukweli ni kwamba dereva wa lori lililokuwa linakuja Mbale alipiga honi, nami sikuwa na muda, basi nikapigilia ubao mwembamba juu ya maandishi kwa misumari minne midogo. Ubao huo umeuona miaka kumi na miwili ukidhani ni kiraka. Matia ni mjinga anayedanganya kwa ujinga. Mimi nilidanganya nikijua kila mkwaruzo una maana gani, na mtu wa namna hiyo sina neno la kumwita mbele yako.

Night anajua kwamba kabati liko kwako. La randa bado sijamwambia. Nitamwambia kabla hatujapanda gari, ili akitaka kusafiri bila mimi asafiri. Mungu akipenda watafika Jumamosi, yeye na Eseza. Kabati ni lao. Wakilichukua, usilie mbele yao. Lia na mimi baadaye, au unifukuze, una haki. Alhamisi mwambie Matia kwamba mwalimu wake amempa sifuri, na msumeno wake aupeleke akakate kuni, hapo hataharibu kitu.

Nisalimie Babirye na wote wa nyumbani, na majirani wanaoniulizia. Barua hii anakuletea Namukose mwenye vitenge, kesho mapema. Mpe chai, hajui kilichomo.

Ukimaliza kuisoma, usimwite mtu, na ule ubao usiubandue, kwa sababu anayestahili kusoma wa kwanza ni Eseza. Itoe droo ya chini leo hii, uifiche chini ya kitanda chako.

Ni mimi kaka yako,
Dauda Mugweri