Wageni Kumi na Wawili

Jumapili, 4 Agosti

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti linakuacha ulale, na wanangu hawakusumbui kupita kiasi. Mimi mzima, ila nimechoka. Nimechoka mpaka naona aibu kukuandikia, maana kazi hii ndiyo niliyokulilia unitafutie, na wewe uliniambia, "Msitu ni mtamu kwa anayekuja kuutembelea, si kwa anayeufanyia kazi." Nikakuona mzee mwenye maneno mengi.

Msimu umepamba moto. Shule zimefungwa, wageni wanamiminika. Asubuhi nawapitisha njia ya msituni, saa tano bwawa la viboko, mchana kibanda cha kutazamia ndege kule kwenye matete, jioni msituni tena. Na maswali ni yale yale: Kiboko anauma? Choo kiko wapi? Jana bwana mmoja alitembea saa nzima ameinamia simu. Tulifika ukingoni, ndege wale weusi, mnandi, wametanua mbawa juu ya miamba kama nguo zilizoanikwa, wenzake wakapiga picha, tukageuza. Ndipo akaniuliza, "Sasa ziwa lenyewe liko wapi?" Nusura nimtumbukize alijue.

Rafiki yako Kufuli anakusalimu sana. Bado yuko getini na daftari lake, na bado anawahesabu wageni wakitoka, mmoja mmoja, kwa kuwagusa bega, hata kama mimi nimeshahesabu. Foleni inarudi nyuma, watu wananung'unika, watoto wanalia. Wiki iliyopita nilimwambia, "Baba mkubwa, nikishakutajia idadi, wewe andika tu. Au tukeshe hapa?" Akanitazama, akasema, "Haya mama, wewe ndiye uliyetembea nao." Tangu hapo mambo yanakwenda haraka. Amebakiza miezi tisa astaafu, masikini, naye amechoka kama mimi.

Mkuu wa hifadhi anasema mwezi wa kumi nitathibitishwa kazini. Nikithibitishwa napewa nyumba ya vyumba viwili humu humu ndani, na nikipata nyumba nawachukua wanangu. Mwaka wa tatu huu nawalea kwa barua, baba. Wabusu kwa niaba yangu, hata yule mkubwa anayejifuta.

Binti yako


Alhamisi, 15 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, halijaniacha na mimi sijaliacha, tumezoeana. Watoto wazima. Mkubwa ameng'oka jino la mbele, anapiga mluzi bila kutaka. Nimewabusu wote wawili, na mkubwa amejifuta.

Usijaribu tena kunipigia simu. Nasikia kama mtu anakaanga kitu. Barua naisoma mara tatu, tena kwa raha zangu.

Yule wako asiyeliona ziwa usimcheke. Mimi niliwahi kumpata mmoja aliyetaka kurudishiwa kiingilio chake kwa sababu viboko walikuwa wamelala.

Sasa nisikilize. Mwache Kufuli ahesabu. Nakwambia jambo ambalo halimo kwenye kitabu chenu cha mafunzo: mwongoza wageni akichoka, hujihesabu mwenyewe. Umetembea nao, umecheka nao, umekunywa nao maji. Mkifika getini unapitisha macho, na wewe mwenyewe unajitia humo kwenye idadi. Mimi nilijihesabu si chini ya mara nne. Kila mara ni Kufuli aliyeniambia, "Toka humo bwana, wewe si mgeni." Tunarudi ndani, tunamkuta mtu wetu amepiga magoti anapiga picha kipepeo. Sisi wawili ndio tunaojua.

Haraka haraka haina baraka, umeisikia tangu unanyonya. Mwombe radhi, umwambie aendelee kugusa mabega yake. Watakaonung'unika na wanung'unike.

Baba yako


Jumatatu, 2 Septemba

Baba,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu. Barua yako ilinifikia Ijumaa. Jambo lenyewe lilikuwa limeshatokea Jumanne.

Niliingia na wageni kumi na wawili, kundi la nne siku hiyo, la jioni, na wakati wa kurudi tukapitia kibanda cha ndege. Nikatoka nao, nikahesabu, kumi na wawili, nikamtajia Kufuli, akaandika na kutia sahihi. Baba, wa kumi na mbili nilikuwa mimi.

Aliyebaki ndani ni mwalimu mstaafu, mama mtu mzima aliyekuja peke yake, kwa hiyo hakuna mwenzake wa kumwulizia. Alikaa kwenye kibanda cha ndege, akasinzia. Alipoamka akatoka kutufuata, akateleza kwenye daraja la mbao, kifundo cha mguu kikavunjika. Akajikokota akarudi kibandani, akalala humo na mbu na viboko wanaotoka kula majani. Wafagiaji walimkuta asubuhi. Yu hai. Yuko hospitali, mguu umefungwa plasta.

Alhamisi Mkuu akatuita. Akafungua daftari mezani. Kanuni inasema mlinzi wa geti ahesabu mwenyewe ndipo atie sahihi, na sahihi ni ya Kufuli. Akamwuliza, "Ulihesabu?" Kufuli akasema, "Sikuhesabu." "Kwa nini?"

Kufuli akanyamaza. Aliniachia nafasi, baba. Alinyamaza muda wa mtu kumaliza glasi ya maji, na mimi nikatazama sakafu. Ofisi ile ina vigae vyeupe, kimoja kimepasuka pembeni. Nakijua kile kigae kuliko ninavyojua uso wangu. Mwisho Kufuli akasema, "Nilichoka, Mkuu."

Wamemsimamisha kazi palepale. Wanasema atafukuzwa, miaka thelathini na minne yote iende na maji. Mimi sikuulizwa hata swali moja. Mkuu aliniambia tu, "Pole, najua kazi ni nyingi."

Nikisema mimi ndiye niliyemkataza kuhesabu, na mimi ndiye niliyejihesabu, nafukuzwa mimi, nyumba siipati, na wanangu wanabaki huko mpaka waote ndevu. Nisiposema, nimemzika mtu mzima akiwa hai. Silali. Nifanye nini? Niambie wewe, maana mimi nimeishiwa.

Binti yako


Jumatatu, 9 Septemba

Mwanangu,

Pole. Barua yako nimeisoma, nikaificha chini ya godoro watoto wasiione.

Nyamaza.

Maji yakimwagika hayazoleki. Kufuli watoto wake wamekua, wana nyumba zao. Wako mdogo bado analala na shati lako la kazi la zamani, sharti aliviringe mkononi ndipo apate usingizi. Kufuli alijua anachofanya aliposema amechoka. Amekuwekea mgongo, pita. Ukishathibitishwa, tutatafuta namna ya kumfuta machozi.

Baba yako


Jumapili, 20 Oktoba

Mwanangu,

Wiki sita sasa sijapata salamu zako, kwa hiyo nakutumia zangu mbili mbili. Hujambo? Hujambo tena? Sisi tuko salama, isipokuwa mimi silali, na safari hii si goti.

Nilikuandikia vibaya. Niliandika kama babu wa watoto wale, nikasahau kwamba wewe nawe ni mtoto wangu, na mtoto hafundishwi mambo yale. Tena kwa nani? Kwa Kufuli, aliyenisitiri mara nne bila kunidai hata ahsante. Juzi mkubwa aliniuliza, "Babu, mbona siku hizi humsalimii babu wa geti kwenye barua?" Nikamwambia nimesahau. Nimefika umri huu namdanganya mtoto wa miaka tisa.

Fanya moyo wako unavyokutuma. Ukisema, sema, mimi nitakuwa nyuma yako. Usiposema, sitakuhukumu, sina mdomo huo. Ila niandikie. Hata mstari mmoja. Nimechoka kumsubiri mleta barua mlangoni kama kijana anayeposa.

Baba yako


Jumapili, 24 Novemba

Baba yangu,

Shikamoo, na unisamehe kwa kukaa kimya. Kila nilipokaa kuandika nilikuwa na neno moja tu, nalo lilinishinda.

Walinithibitisha tarehe mosi ya mwezi wa kumi. Nikapewa funguo. Nyumba nzuri, dirisha moja linatazama ziwani. Nilifagia, nikaomba vitanda viwili vidogo stoo, nikavisimamisha sambamba, nikakaa kwenye kimoja. Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi, na sikusikia furaha hata chembe. Nikaendelea na kazi. Msituni, bwawani, kibandani, msituni. Wageni wananisifu, wanasema nina moyo wa kuwajali, maana nawahesabu mara tatu tatu.

Siku yangu ya mapumziko nikaenda kwa Kufuli. Nilimkuta anatengeneza banda la kuku, misumari mdomoni. Hakunifukuza. Alinipa kigoda. Nikamwambia, "Baba mkubwa, nakwenda kusema ukweli." Akatoa misumari mdomoni mmoja mmoja, akasema:

"Ukisema, ni juu yako. Mimi siku ile sikutaka useme, nilijua una watoto. Nilitaka uniangalie tu. Ungeniangalia ningetoka mle ndani kama mtu aliyembebea mwenzake mzigo. Ulipotazama chini, nikatoka kama mwizi."

Baba, nililia mbele ya kuku. Yeye akarudi kupigilia misumari yake, na mimi nikamshikia mbao mpaka akamaliza.

Kesho yake nikaingia kwa Mkuu. Akanisikiliza, akafunga mlango, akasema faili limeshafungwa, taarifa imeshakwenda makao makuu, nikilifungua namharibia yeye. "Umepata nyumba," akaniambia. "Nenda ukapumzike." Nilitoka nimeduwaa. Kumbe hata kukiri kuna watu wasiotaka kusikia.

Basi nikaandika. Nilieleza yote: nilivyomkataza mzee kuhesabu, nilivyojihesabu, nilivyonyamaza. Nakala moja nikaituma makao makuu, nyingine nikampelekea mwalimu kwake, bado anatembea na magongo. Alivaa miwani, akasoma mpaka mwisho, akachukua kalamu nyekundu akanitilia koma mahali nilipoisahau. Kisha akasema, "Niliita jina lako usiku ule. Ulikuwa umetuambia tukikwama tukuite." Nikamwomba radhi. Akasema hajui kama ameshanisamehe, nimpe muda.

Majibu yamekuja wiki hii. Kufuli amesafishwa, ataagwa kwa heshima yake na kila kinachomstahili. Walimwita arudi amalizie miezi yake getini. Amewaambia anashukuru, lakini amechoka, kuku wake wanamtosha. Mimi nimefukuzwa. Nyumba niirudishe kabla ya mwezi kwisha. Mkuu ameniongezea siku kumi, hata kuniangalia hakuniangalia.

Kwa hiyo nakuja, baba, kwa basi la tarehe kumi na moja. Sina kazi, sina nyumba, na sijui nitawaambia nini watoto kuhusu vile vitanda, maana mwisho wa Oktoba niliwatumia wao kadi nikawaambia vipo, na dirisha la ziwani. Sijutii. Ila nimechoka, baba, na safari hii sina msimu wa kuusingizia.

Binti yako


Jumapili, 1 Desemba

Mwanangu,

Salamu utazikuta huku, sitaki kupoteza karatasi. Najibu haraka ikupate kabla hujapanda basi.

Kwanza, nimemwandikia Kufuli. Nimemweleza kwamba aliyekuambia unyamaze ni mimi, asije akaweka hilo nalo juu yako. Hajajibu, na sidhani kama atajibu. Ana haki yake.

Pili, umefanya jambo lililonishinda mimi. Ningekuwa na nguvu ningekuja kukupokea stendi nikipiga vigelegele watu wanione nimerukwa na akili. Nitakusubiri nyumbani. Chumba cha nyuma nimekitoa magunia.

Tatu, watoto. Habari ya vitanda kurudishwa nimewaambia mimi. Mdogo alilia kidogo, kisha akaniuliza kama na dirisha nalo limerudishwa. Nikasema ndiyo. Mkubwa hakulia. Aliuliza unakuja siku ngapi. Nikamwambia, "Mama yenu anakuja kukaa." Akanitazama, akaenda kumwambia mdogo wake, "Babu anasema mama anakuja kukaa." Mdogo akajibu, "Hata mwaka jana alisema."

Kwa hiyo usihangaike na zawadi, usinunue chochote njiani. Wewe ukifika, kabla hujaoga, kabla hujala, keti chini mbele yao ufungue begi lako. Toa kila kitu, mpaka chini kabisa, halafu uwape hilo begi wakalifiche wao wenyewe.

Baba yako