"Look Forward To" Nijuavyo Mimi

Mama yako, binti yangu hodari, amejifungua mtoto wa kiume! Sasa ndipo nakusalimu, Abdi wangu. Sote wazima, alhamdulillahi, na pua ya mtoto ni yangu, asibishe mtu.

Umeniuliza maana ya "look forward to", eti mwalimu anasema ni kungojea kwa furaha. Kasema kweli. Ila mimi, mwanafunzi wa darasa la watu wazima, niliyaona maneno hayo kabla sijayasikia.

Nilipokuwa msichana, baba alipeleka samli Kismayu, akachelewa mpaka majirani wakawa wanamtaja kwa sauti ya chini. Kila jioni mama alikifukiza kibuyu cha baba kwa moshi wa kuni za harufu nzuri, akakijaza maziwa.

"Hooyo, na asipokuja?" nilimuuliza mama.

"Utakunywa wewe. Kesho nitafukiza tena."

Nilikunywa jioni nyingi, nikanenepa. Kisha jioni moja baba akaingia, amekonda. Alinusa kibuyu kabla ya kunywa.

"Kumbe mlijua ninakuja," akasema.

Mama alicheka, mara akalia. Ndivyo ninavyolielewa neno lako, mjukuu wangu: mtu hajafika, nawe umeshamwandalia.

Mbuzi wawili wa akika, wa kumchinjia mdogo wako, wamefungwa uani. Watu walitaka siku ya saba, nikakataa. Bila Abdi hakuna shughuli. Shangazi zako wa Wajir wanakuja, wajomba wanakuja, nawe unakuja: Ijumaa ya kwanza ya likizo yako.