Alichosema Fundi Cherehani

Mpenzi wangu Mama Atieno,

Jumapili binti yetu anakuja kutoka Nairobi, na tangu aliponipigia simu sina utulivu. "Baba, nimeipata ile filamu yenu ya fundi cherehani," alisema. "Hii ina maandishi ya Kiingereza chini. Sasa utajua walisema nini hasa."

Unakumbuka filamu tulizopenda. Hazikuwa za bunduki, wala zile ambazo maprofesa huzisifu huku watu wakisinzia. Zilikuwa za katikati: watu wa kawaida, nguo nadhifu, mtu anapenda na anachelewa kusema. Kwa kuwa zilitoka nchi za mbali, ukumbi wa video pale Nyalenda ulikuwa na mtafsiri wake, Oduor, aliyeketi kando ya televisheni na maikrofoni, akitueleza kwa Kiswahili na Dholuo kila walichosema waigizaji.

Siku tuliyoiona hiyo ya fundi, mvua ilipiga mabati na Oduor akapaza sauti. Mwisho wake, mwanamke amesimama kwenye mlango wa gari moshi. Fundi yuko chini, anasema neno moja fupi. Oduor akatafsiri: "Mama, tangulia. Ngoja nifunge duka, nakuja."

Ukamgeukia. "Wewe Oduor, mdomo wa mzee umefungwa kitambo, wewe bado unaongea."

"Mama, kwao wanaongea haraka."

Watu wakacheka, lakini wewe ulikuwa unapangusa macho. Tangu hapo, kila ulipotangulia kanisani au sokoni, nilikuambia hivyo. Hata wodini, usiku wako wa mwisho, ulipokuwa huwezi tena kusema, nilikuambia maneno hayohayo, nawe ukakibana kidole changu.

Ndiyo sababu naogopa. Neno moja fupi, mama. Huenda ni "kwaheri" tu. Likitokea pale chini limeandikwa, basi mimi wodini nilikuambia nini?

Nimefikiria kukataa, lakini Atieno amehangaika sana kuitafuta. Kwa hiyo nitaacha miwani chumbani. Bila miwani naona nyuso, maandishi siyaoni. Tatizo ni kwamba Atieno husoma kwa sauti, tabia aliyoipata kwako. Basi tukifika kwenye gari moshi nitamwahi. Nitasema mimi, kwa sauti ya Oduor, hata kama mdomo wa fundi utakuwa umeshafungwa.

Bado nafunga duka.

Mumeo,
Baba Atieno